Mwongozo kamili: kusoma jumbe za hitilafu unapoandaa imeji ya Windows

Fundi wa Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, akipewa maabara ya shule yenye kompyuta 20, hapigi Windows moja moja kuanzia mwanzo. Anaandaa imeji moja (faili lenye Windows nzima tayari kusakinishwa), anaitia draiva, masasisho, .NET (kifurushi ambacho programu nyingi hukitegemea) na mipangilio ya shule, kisha anaisambaza kwa flashi. Kazi hiyo hufanywa na DISM, programu iliyomo ndani ya Windows yenyewe. DISM ikikwama hutoa sentensi fupi ya Kiingereza na namba isiyoeleweka, na hapo ndipo wengi huanza kubahatisha: wanapakua ISO (faili la usakinishaji wa Windows) nyingine ya GB 5, bando linakwisha, hitilafu inarudi ileile.

Sentensi ile ya mwisho ni matokeo tu. Chanzo kiko juu yake, ndani ya logi (faili ambamo programu huandika kila hatua), na msimbo unakuonyesha ni sehemu gani ya mfumo inayolalamika. Ukizoea kusoma vitu hivyo viwili kwa mpangilio, hitilafu nyingi utazimaliza bila kupakua kitu kipya. Amri zote hapa ni za Windows 10 na Windows 11.

Kwanza, andaa mahali pa kazi

Hitilafu nyingi huzaliwa hapa, kabla hata amri ya kwanza haijaandikwa. Tengeneza folda hizi kwenye diski ya ndani yenye mfumo wa NTFS:

    C:\kazi\iso
    C:\kazi\pachika
    C:\kazi\draiva
    C:\kazi\sasisho
    C:\kazi\muda
    C:\kazi\logi

Majina yawe mafupi, yasiwe na nafasi. Folda ya kupachikia imeji, yaani ya kuifungulia ili uibadili, haiwezi kukaa kwenye flashi ya FAT32 au exFAT, wala kwenye folda ya mtandao. Acha angalau GB 40 wazi. Faili la install.wim (ndilo imeji yenyewe) la GB 5 likifunguliwa hutanuka mara mbili au tatu, na masasisho yanahitaji nafasi ya kufumuliwa juu ya hiyo.

Nakili kila kilichomo kwenye ISO kwenda C:\kazi\iso. Halafu nakili install.wim peke yake mahali pengine kabisa, hata kwenye diski ya nje. Nakala hiyo usiiguse. Umeme ukikatika DISM ikiwa katikati ya kuhifadhi, faili unalolifanyia kazi linaweza kuharibika lisifunguke tena, na kupakua upya kwa bando la simu ni gharama ya bure.

Faili linalotoka kwenye ISO huja likiwa na alama ya kusomwa tu. Iondoe sasa hivi:

    attrib -r C:\kazi\iso\sources\install.wim

Usipofanya hivyo utakutana na 0xc1510111, inayodai huna ruhusa ya kupachika na kubadili imeji. Watu huhangaika na akaunti na haki za mtumiaji, kumbe ni alama moja kwenye faili.

Fungua dirisha la amri kama msimamizi. Hitilafu 740 ina maana moja tu: dirisha halikufunguliwa kama msimamizi. Kisha andika `dism` peke yake uone namba ya toleo lake. Kanuni ni kwamba DISM ya kompyuta unayofanyia kazi iwe sawa na imeji au mpya kuliko imeji. Kompyuta yenye Windows 7 au Windows 10 ya zamani ikihudumia imeji ya Windows 11 hutoa hitilafu za ajabu ambazo hazina uhusiano na ulichokuwa unafanya. Dawa yake ni kusakinisha Windows ADK (zana za Microsoft za kuandaa imeji) na kutumia dirisha la amri linalokuja nayo, au kuhamia kompyuta mpya zaidi.

Msimbo unasemaje

Tazama herufi za mwanzo kabla ya kitu kingine.

Msimbo unaoanza na 0x8007 ni hitilafu ya kawaida ya Windows iliyovaa koti refu. Chukua tarakimu nne za mwisho, zigeuze kuwa namba ya kawaida, kisha iulize Windows yenyewe. Mfano ni 0x80070070. Fungua PowerShell, andika `0x0070`, itakujibu 112. Halafu:

    net helpmsg 112

Jibu: nafasi kwenye diski haitoshi. Njia hii inafanya kazi kwa familia yote. Hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi:

- 0x80070002 na 0x80070003: faili halipo, au njia ya folda haipo. Kosa la uandishi ndilo la kwanza kulishuku.
- 0x80070005: umekataliwa kuingia. Msimamizi, alama ya kusomwa tu, au antivirusi.
- 0x80070020: programu nyingine imeshikilia faili hilo.
- 0x8007000d: data si halali. Faili limeharibika, au si aina ya faili iliyotarajiwa.
- 0x80070017 na 0x80070570: kifaa hakisomeki vizuri. Shuku flashi, diski au DVD kabla ya kushuku imeji.

Msimbo unaoanza na 0x800f unatoka sehemu inayosimamia vifurushi na vipengele vya Windows. Hapa diski haina kosa. Kuna kutolingana kati ya kile unachoingiza na imeji inayopokea. Msimbo 0xc142 unatoka kwenye upachikaji wa WIM: kuna imeji imebaki imepachikwa, au kitu kimeishikilia. Na 0x80073712 maana yake ghala la vipengele ndani ya imeji limeharibika.

Kwa msimbo usioujua kabisa, jaribu `certutil -error` ikifuatiwa na msimbo wenyewe. Mara nyingi hukupa jina lake rasmi, na jina hilo ndilo la kutafutia mtandaoni. Ukitafuta kwa sentensi ya jumla utapata majibu ya watu wenye matatizo kumi tofauti.

Namba fupi nazo zina maana. Hitilafu 87 inasema DISM haikuielewa amri. Inawatesa sana wanaonakili amri kutoka makundi ya WhatsApp na Telegram, kwa sababu simu hugeuza kistari kuwa kistari kirefu na alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda. Kwa macho amri inaonekana sahihi kabisa. Iandike upya kwa mkono. Chanzo kingine cha 87 ni njia iliyofungwa kwa mkwaju wa nyuma kabla ya alama ya kunukuu, kama "C:\kazi\pachika\". Mkwaju ule unaimeza alama ya kufunga, na kilichobaki cha amri kinasomwa kama sehemu ya jina la folda. Ondoa mkwaju wa mwisho.

Logi ndiyo shahidi

DISM huandika kila hatua kwenye C:\Windows\Logs\DISM\dism.log. Faili hilo hukusanya kazi za siku nyingi na huchosha kulisoma, kwa hiyo ipe kila amri logi yake. Ongeza mwishoni mwa amri yoyote:

    /LogPath:C:\kazi\logi\draiva.log /LogLevel:4 /ScratchDir:C:\kazi\muda

Kiwango cha 4 huandika kila kitu. Amri ikikwama, chuja mistari ya hitilafu na namba zake:

    findstr /n /c:", Error" C:\kazi\logi\draiva.log

Sasa soma kutoka juu kwenda chini. Hitilafu ya kwanza ndiyo yenye habari. Zinazofuata ni ngazi za juu zikipokezana habari mbaya, kila moja ikiifanya kuwa ya jumla zaidi, hadi ifike kwenye sentensi uliyoiona kwenye skrini. Tafuta maneno `hr:0x` ndani ya mstari wa kwanza. Mara kwa mara msimbo ule unatofautiana na ulioonyeshwa kwenye skrini, na ndio wa kuufuata. Kisha fungua logi kwenye Notepad, nenda kwenye namba ya mstari huo, usome mistari 20 iliyotangulia. Hapo utaona jina la faili au kifurushi kilichokuwa mkononi mambo yalipoharibika.

Kuna mistari ya onyo ambayo hutokea hata kazi ikienda salama.  Mfano ni onyo la kushindwa kupakia SiloedPackageProvider. Ipite. Kumpotezea mtu siku nzima ni kazi rahisi kwa mistari ya namna hiyo.

Kazi za vifurushi zina tabaka la ndani zaidi. Mistari yake ina alama ya CBS au CSI. Ikiwa logi yako haielezi, tazama pia C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log. Kwa draiva, shahidi bora yuko ndani ya imeji yenyewe: C:\kazi\pachika\Windows\INF\setupapi.offline.log.

Kupachika imeji

Anza kwa kuuliza ndani kuna nini:

    dism /Get-ImageInfo /ImageFile:C:\kazi\iso\sources\install.wim

Utaona orodha ya Home, Pro, Education na kadhalika, kila moja na namba yake ya indeksi. Ukitaka undani wa mojawapo, ongeza `/Index:6` au namba yoyote unayohitaji. Andika pembeni mambo matatu: toleo, usanifu na lugha. Yatakutoa kwenye matatizo ya masasisho baadaye. Usishtuke ISO ya Windows 10 22H2 ikikuonyesha 10.0.19041 wakati ulitegemea 19045. Matoleo yale ya Windows 10 yanashiriki msingi mmoja, na 22H2 ni kifurushi kidogo kinachowasha vipengele juu ya msingi huo.

Ukikuta faili ni install.esd, kama inavyokuja kwenye flashi zilizotengenezwa kwa Media Creation Tool, usijaribu kulipachika. Utapata hitilafu 11, inayolalamika kuhusu programu yenye muundo usio sahihi, sentensi isiyosaidia mtu yeyote. Ligeuze kwanza:

    dism /Export-Image /SourceImageFile:C:\kazi\iso\sources\install.esd /SourceIndex:6 /DestinationImageFile:C:\kazi\iso\sources\install.wim /Compress:max /CheckIntegrity

Kazi hii huchukua muda na hula kumbukumbu. Iache iende. Ikiisha, futa install.esd, maana visiwepo viwili kwenye folda ya sources. Kumbuka pia kwamba WIM mpya ina toleo moja tu, kwa hiyo indeksi yake sasa ni 1. Anayeendelea kuandika 6 ataambiwa indeksi hiyo haipo.

Kisha:

    dism /Mount-Image /ImageFile:C:\kazi\iso\sources\install.wim /Index:1 /MountDir:C:\kazi\pachika

Ukiambiwa folda ya kupachikia si tupu, safisha au tumia nyingine. Ukiona 0xc1420127, imeji hiyo tayari imepachikwa mahali fulani, hata kama folda inaonekana tupu kwako. Windows huweka kumbukumbu ya imeji zilizopachikwa kwenye rejista yake, na kumbukumbu hiyo haifutiki kwa kufuta folda. Uliza:

    dism /Get-MountedImageInfo

Hapa tazama neno la hali. Kama ni Ok, ifungue kwa njia ya kawaida. Kama ni Needs Remount, kompyuta ilizimwa kabla ya kupachua, na amri `dism /Remount-Image /MountDir:C:\kazi\pachika` huirudisha ikiwa na kazi yako. Kama ni Invalid, kazi ile imepotea. Safisha kwa `dism /Cleanup-Mountpoints` uanze upya kutoka kwenye ile nakala uliyoweka pembeni.

Kwa mji ambao umeme unaweza kuondoka saa yoyote, fanya kazi hii kwenye laptop yenye betri nzima au desktop yenye UPS. Na ipachue na kuihifadhi imeji baada ya kila hatua kubwa: draiva kwanza, hifadhi, kisha masasisho, hifadhi. Inachelewesha kidogo, lakini hasara ikija itakuwa ya hatua moja.

Draiva

    dism /Image:C:\kazi\pachika /Add-Driver /Driver:C:\kazi\draiva /Recurse

DISM inataka faili la .inf na wenzake wa .sys na .cat. Faili la .exe ulilopakua kwenye tovuti ya mtengenezaji ni kasha tu. Lifungue kwa 7-Zip, au tumia njia ya kufumua ambayo mtengenezaji ameiweka. Njia nzuri zaidi ukiwa na laptop ya aina hiyo inayofanya kazi vizuri ni kuzitoa draiva kwenye laptop yenyewe:

    dism /Online /Export-Driver /Destination:D:\draiva

Hiyo inaokoa bando, na unajua draiva zile zimekwisha kuthibitishwa kwenye mashine hiyo.

Draiva moja ikikataliwa kati ya 60, zingine huendelea kuingia. Fungua setupapi.offline.log utafute jina la .inf iliyokataliwa. Sababu za kawaida ni mbili: draiva ya biti 32 inaingizwa kwenye imeji ya biti 64, au saini yake ya kidijitali haithibitiki. Ipo swichi ya `/ForceUnsigned` inayolazimisha isiyo na saini iingie. Usiitumie kwenye draiva ya diski. Inaweza kuingia vizuri, kisha kompyuta ikikataa kuwaka inaonyesha 0xc0000428 wakati maabara nzima imeshapigwa.

Kuna hitilafu moja ya draiva inayojitokeza mbali kabisa na hapa, nayo ni pale kisakinishi kinaposema hakioni diski yoyote. Hutokea sana kwenye laptop za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea ambazo BIOS yake imewasha VMD (njia ya Intel ya kusimamia diski). Umeingiza draiva kwenye install.wim, lakini kisakinishi hakisomi huko wakati huo. Kinaendeshwa na boot.wim, faili jingine kabisa, lenye indeksi mbili: ya 1 ni Windows PE (Windows ndogo ya kuanzishia) na ya 2 ndiyo kisakinishi. Pachika boot.wim indeksi ya 2, uiingizie draiva ya diski ya Intel RST yenye iaStorVD.inf, hifadhi. Hapo diski zitaonekana.

Masasisho: penye hitilafu nyingi

    dism /Image:C:\kazi\pachika /Add-Package /PackagePath:C:\kazi\sasisho\jina.msu

0x800f081e ndiyo mfalme wa sehemu hii. Maana yake ni kwamba kifurushi hakiihusu imeji hii. Faili lako halijaharibika, na kulipakua tena hakutasaidia. Pitia maswali haya kwa mpangilio. Je, toleo ni lilelile? Sasisho la Windows 11 23H2 haliingii kwenye 24H2. Je, usanifu unalingana? Kwenye orodha ya Microsoft Update Catalog, la x64 na la arm64 hukaa mstari kwa mstari na ni rahisi kubofya lisilo lako. Je, imeji tayari ina sasisho jipya zaidi? Angalia kwa:

    dism /Image:C:\kazi\pachika /Get-Packages /Format:Table

Kwa Windows 11 24H2 kuna jambo la ziada. Masasisho yake ya mwezi yanajengwa juu ya sasisho la kituo (checkpoint), la kwanza likiwa KB5043080 la Septemba 2024. Unapopakua la mwezi huu, Catalog inakupa faili zaidi ya moja. Zipakue zote, ziweke folda moja bila kitu kingine, kisha uelekeze amri kwenye lile la karibuni. DISM itachukua zinazohitajika. Anayepakua lile kubwa tu na kuacha wenzake hukwama.

0x800f0823 inadai kwanza usasishe ile sehemu inayosakinisha masasisho. Hutokea kwa matoleo ya zamani kama Windows 10 LTSC 2019, ambako kifurushi hicho kilitolewa peke yake. Kiingize kwanza, kisha sasisho kubwa. Kwa Windows 10 kuanzia 2004, tangu 2021 Microsoft imeviunganisha viwili hivyo katika faili moja.

0x800f0831 na 0x80073712 ni habari mbaya zaidi: ghala la vipengele lina pengo. Tafuta kwenye mistari ya CBS jina la kifurushi kinachokosekana. Wakati mwingine kuingiza sasisho hilo la zamani huziba pengo. Lakini kama imeji ni ile iliyopunguzwa na mtu asiyejulikana ili ionekane nyepesi, hakuna cha kuziba, kwa sababu alifuta vipande ambavyo masasisho yanavitegemea. Windows za namna hii zinazunguka sana kwenye flashi za mitaani. Ziache. Anza na ISO safi kutoka Microsoft, linganisha alama yake ya SHA256 (namba ndefu inayotokana na yaliyomo kwenye faili) na iliyochapishwa kwenye ukurasa wa kupakulia:

    certutil -hashfile C:\win.iso SHA256

Tarakimu moja ikitofautiana, faili si lile.

Mpangilio nao una uzito. Vifurushi vya lugha vitangulie, kisha vipengele vya ziada, kisha sasisho la mwezi. Ukiongeza lugha baada ya sasisho, itabidi uliingize sasisho tena. Usafi wa ghala unafuata:

    dism /Image:C:\kazi\pachika /Cleanup-Image /StartComponentCleanup /ResetBase

Usafi huu ukitoa 0x800f0806, kuna shughuli inayosubiri kukamilishwa kompyuta itakapowaka. Mara nyingi ni kwa sababu umeshawasha .NET 3.5. Fanya usafi kwanza, .NET baadaye.

.NET 3.5

Programu nyingi za zamani za uhasibu na za shule bado zinaidai. Bila chanzo, DISM haipati mafaili yake na hurudi na 0x800f081f, au 0x800f0906 ikijaribu kuyatafuta mtandaoni. Mpe chanzo na umzuie kutoka nje:

    dism /Image:C:\kazi\pachika /Enable-Feature /FeatureName:NetFx3 /All /LimitAccess /Source:C:\kazi\iso\sources\sxs

0x800f081f ikibaki, folda ya sxs imetoka kwenye ISO ya toleo jingine. Itoe kwenye ISO ileile iliyozaa imeji.

Kupachua

Kabla ya hatua hii funga kila dirisha la Explorer lililo ndani ya C:\kazi\pachika. Dirisha la amri lenyewe lisiwe limesimama humo. Andika `cd \`. Kama ulipakia rejista ya imeji kwa `reg load HKLM\NJE`, itoe kwa `reg unload HKLM\NJE` baada ya kufunga Registry Editor.

    dism /Unmount-Image /MountDir:C:\kazi\pachika /Commit

0xc1420117 inasema kuna kitu bado kimeshikilia mafaili. Hapa tulia usome skrini. DISM huonyesha mistari miwili ya maendeleo: wa kuhifadhi na wa kupachua. Wa kuhifadhi ukifika asilimia 100, mabadiliko yako yameshaandikwa kwenye WIM. Kilichobaki ni kuiachia folda. Funga vilivyobaki, kisha rudia amri ukiweka `/Discard` badala ya `/Commit`. Lakini kama wa kuhifadhi haukufika mwisho, `/Discard` itafuta kazi yako, kwa hiyo tatua kilichoshikilia kwanza. Antivirusi ni mshukiwa wa mara kwa mara. Iondolee jukumu la kukagua C:\kazi kabla hujaanza, uirudishe ukimaliza.

Flashi na FAT32

Kompyuta za UEFI huanza kwa uhakika zaidi kutoka flashi ya FAT32, nayo haikubali faili linalofika GB 4. Imeji yako yenye masasisho inazidi hapo. Nakili vingine vyote, kisha igawe:

    robocopy C:\kazi\iso E:\ /s /max:3800000000
    dism /Split-Image /ImageFile:C:\kazi\iso\sources\install.wim /SWMFile:E:\sources\install.swm /FileSize:3800

Kisakinishi kinavitambua install.swm na install2.swm chenyewe. Usivibadilishe majina.

Ukipata 0x80070570 au 0x8007000d katikati ya usakinishaji, na imeji ileile inakubali kwenye flashi nyingine, flashi ndiyo mgonjwa. Sokoni kuna flashi zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani hazifiki hata 8. Zinakubali kunakiliwa, ila data ya mwisho haipo. Zipime kwa H2testw kabla ya kuziamini.

Faili la majibu

Autounattend.xml, faili linalojibu maswali ya kisakinishi badala yako, ikikosewa, usakinishaji husimama baada ya kuwasha upya ukilitaja faili la majibu na hatua iliyokwama, mara nyingi specialize. Bonyeza Shift na F10, kisha:

    notepad C:\Windows\Panther\setuperr.log

Kama hiyo ni tupu, tazama setupact.log iliyo ndani ya folda ya UnattendGC hapohapo. Jina la kompyuta ni mtego wa kawaida: lisizidi herufi 15. SEKONDARI-MWANGA-01 lina 19 na litakwamisha, MWANGA-LAB-01 linapita. Mtego mwingine ni usanifu ulioandikwa x86 kwenye faili wakati imeji ni amd64.

Kisakinishi kikilalamika kwamba hakipati masharti ya leseni, usitafute faili la leseni. Ufunguo ulioandikwa kwenye faili la majibu ni wa Pro na imeji uliyobakiza ni ya Education, au kinyume chake. Linganisha na indeksi.

Ukitaka kunasa kompyuta iliyokwisha kuandaliwa

Hapa unatumia Sysprep, programu ya Windows inayoiandaa kompyuta ili inakiliwe kwenye nyingine, na ujumbe wake wa kwamba imeshindwa kuthibitisha usakinishaji hauna maana hadi ufungue C:\Windows\System32\Sysprep\Panther\setupact.log. Mara nyingi utakuta jina la programu ya Store iliyosakinishwa kwa mtumiaji mmoja bila kuwekwa kwa wote, pamoja na msimbo 0x80073cf2. Ondoa programu hiyo kwa PowerShell:

    Remove-AppxPackage -Package jina-kamili-la-kifurushi -AllUsers

Jina kamili linakiliwe kutoka kwenye logi. Rudia, maana Sysprep hutaja moja kwa wakati. Kompyuta isiwe na intaneti tangu mwanzo wa maandalizi, la sivyo Store inaendelea kusasisha programu chinichini na orodha haiishi. Ukiona 0x80310039, BitLocker (usimbaji wa diski) imewaka. Andika `manage-bde -off C:`, halafu subiri hadi `manage-bde -status` ionyeshe usimbaji umekwisha kabisa.

Kabla ya kusambaza

Piga imeji kwenye kompyuta moja ya kila aina iliyopo maabara, hata kama zote zinaonekana sawa kwa nje. Kompyuta za mtumba za mzigo mmoja mara nyingi huja na kadi za WiFi tofauti. Ikiwaka, fungua PowerShell:

    Get-PnpDevice -PresentOnly | Where-Object Status -ne OK

Kitakachotokea kwenye orodha hakijapata draiva. Soma setuperr.log hata kama kila kitu kinaonekana salama. Ikiwa na mstari, ufuate hadi mwisho sasa, ukiwa na kompyuta moja mezani na si 20.

Halafu chukua SHA256 ya install.wim ya mwisho, iandike kwenye faili dogo la maandishi pamoja na tarehe, indeksi, namba ya sasisho la mwisho na aina za kompyuta ulizozijaribu. Imeji ikisafiri kwa flashi kwenda kwa fundi wa Kasulu au kwa treni hadi Tabora, faili hilo liende nayo, ili mpokeaji ahakiki alama kabla hajaanza kutafuta kosa ambalo halimo kwenye imeji.